Muziki wa Gari Huanzia Mlangoni

Simama dakika chache mbele ya duka la redio za magari pale Gerezani, Kariakoo, au kwenye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, usikilize wateja. Swali la kwanza huwa ni hilohilo: "Hii ina wati ngapi?" Muuzaji anageuza boksi, anaonyesha tarakimu kubwa za rangi ya dhahabu, wanapatana bei. Gari linaondoka na spika mpya na redio yenye kioo kikubwa, lakini ukipanda ndani unakuta besi inavuma bila kugonga, maneno ya mwimbaji yamemezwa, na mlango unatetemeka kila ngoma inapolia.

Maelezo haya ni kwa mwenye gari la kawaida, hizi IST, Vitz, Probox na Premio zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa baada ya kutumika Japani. Mtu huyu hana haja ya kusikika mtaa wa pili. Anachotaka ni kukaa kwenye foleni asikie gita la solo, rithimu na besi, kila moja mahali pake, na sauti ya mwimbaji ikitokea mbele yake badala ya miguuni. Inawezekana, na kwa fedha za wastani, ikiwa utakubali kwamba wati ndiyo jambo la mwisho kuulizia.

Tuanze na hizo wati, maana ndizo zinazopoteza fedha za watu. Redio iliyoandikwa "50W x 4" haitoi wati 50 safi kwa kila spika. Umeme wa gari ni volti 12 hadi 14 na kidogo, na kwa spika ya kawaida ya omu 4, redio isiyo na amplifaya ya nje hutoa kama wati 15 hadi 20 kabla sauti haijaanza kupasuka. Hiyo 50 ni kilele cha kufumba na kufumbua. Ukiona spika ya bei ndogo imeandikwa 1,000W, achana na tarakimu hiyo, tafuta palipoandikwa RMS. Kipimo cha RMS ndicho uwezo inaoweza kuubeba muda wote. Jambo la pili: ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji karibu mara kumi ya wati ulizokuwa nazo. Kwa hiyo kutoka wati 20 kwenda 40 si mabadiliko makubwa kama mfuko wako unavyoweza kukuaminisha.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza ulichonacho. Egesha mahali tulivu, zima injini, weka ufunguo kwenye ACC, funga vioo. Ingia kwenye mipangilio ya redio urudishe besi na trebo kwenye sifuri, na uzime vikolezo vyote, hasa kile kinachoitwa Loudness. Watu wengi wameishi miaka na besi iliyopandishwa mpaka mwisho ili kuficha kasoro ya mlango, na spika inateseka bure.

Halafu angalia muziki unatoka wapi. Kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti, kinachorusha muziki wa simu kwenda kwenye FM ya gari, ndicho chanzo kibaya kuliko vyote. FM yenyewe haibebi sauti zilizo juu ya kilohezi 15, na kirushaji cha bei rahisi huongeza mikwaruzo na mvumo. Kama redio yako ina tundu la AUX au USB, litumie. Bluetooth ya redio yenyewe inafaa kwa safari za kila siku. Kwenye flashi, weka nyimbo za kilobiti 320 kwa sekunde, au nakala kamili kutoka kwenye CD. Nyimbo zilizopita kwenye simu kumi kwa kutumiana, zikabanwa tena kila mara, zimeshapoteza matoazi na pumzi ya mwimbaji. Hakuna spika itakayozirudisha.

Magari ya Japani yana suala lao kwenye redio. Masafa ya FM huko huanzia megahezi 76, na redio zao nyingi huishia 90, nyingine 95, wakati stesheni zetu zinafika mpaka 108. Mafundi hufunga kile kiboksi cha kushusha masafa kwenye waya wa antena. Kinafanya kazi, lakini mara nyingi huleta kelele na kudhoofisha stesheni za mbali. Kama unapenda kusikiliza redio, hii ndiyo sababu ya kweli ya kubadilisha redio ya Kijapani, kuliko ukubwa wa kioo. Ukibadilisha, dai soketi ya kuunganishia ya Toyota ili fundi asikate nyaya za asili. Na utahadhari: redio nyingi za Kijapani zenye ramani hujifunga betri ikifunguliwa, zikadai namba ya siri au kadi ya ramani. Kama unataka kubaki nayo, ulizia hilo kabla ya mtu kugusa betri.

Jaribio la mwisho la bure ni la nyaya zilizogeuzwa. Peleka sauti yote kwenye spika za mbele, cheza wimbo ambao mwimbaji mkuu yuko katikati, kisha sogeza balansi kutoka katikati kwenda upande mmoja polepole. Ikiwa besi inaongezeka unapobakiza spika moja, basi spika moja imeunganishwa chanya kwa hasi. Koni moja inasukuma hewa huku nyingine inaivuta, na besi zinauana. Kuthibitisha, chomoa nyaya za spika kwenye redio, kisha gusisha kwa nukta moja betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha za spika. Koni ikitoka nje, ule upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikizama ndani, ni kinyume. Kasoro hii ni ya kawaida sana kwenye magari yaliyokwisha kupita mikono ya mafundi, na dawa yake ni kugeuza nyaya mbili.

Sasa mlango, na hapa ndipo ningekushauri utumie siku nzima.

Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na sauti ya nyuma ni kinyume cha ile ya mbele. Sabufa huwekwa ndani ya boksi ili hizo mbili zisikutane. Spika ya mlangoni boksi lake ni mlango wenyewe, na mlango wa gari ni bati jembamba lenye matundu makubwa yaliyofunikwa kwa nailoni. Sauti ya nyuma inapita kwenye matundu hayo, inakutana na ya mbele, na besi inafutika kabla haijakufikia. Bati lenyewe nalo linatetemeka na kuimba wimbo wake. Gonga mlango kwa kifundo cha kidole, usikie unavyolia kama debe tupu. Sauti hiyo ndiyo inayochanganyika na kila wimbo unaocheza.

Kufungua mlango si kazi ngumu. Kuna skrubu zilizofichwa nyuma ya mpini wa kuvutia na nyuma ya kishikio cha ndani, kisha paneli imeshikiliwa na klipu za plastiki kuzunguka ukingo. Tumia kifaa cha plastiki cha kubandulia, siyo bisbisi tupu, na uwe na klipu za akiba kwa sababu za gari lililokaa juani miaka mingi huvunjika. Chomoa soketi ya kioo cha umeme bila kuvuta waya. Kama ndani ya mlango kuna kihisio cha mfuko wa hewa, usikiguse wala usikifunike.

Toa ile nailoni taratibu. Safisha upande wa ndani wa bati la nje la mlango kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kikavu na cheupe. Kinachofuata ni zile shuka nzito za mpira zenye gundi upande mmoja na aluminiamu upande wa pili. Madukani huitwa saundiprufu. Chagua zilizotengenezwa kwa mpira wa butili, zenye unene wa milimita 2 hivi. Zipo nyingine za bei ndogo zilizotengenezwa kwa lami. Kwa gari linaloegeshwa juani Dar au Mombasa, lami hulainika, ikanuka ndani ya gari, na mwisho ikajibandua na kuanguka chini ya mlango. Zinuse kabla ya kulipa: harufu ya barabara mpya ni ishara tosha.

Anza na eneo lililo nyuma ya spika, kisha vipande katikati ya bati. Huna haja ya kufunika kila inchi. Robo ya bati ikishikwa vizuri, mlio wa debe unakufa. Muhimu ni kukandamiza shuka kwa rola mpaka ishikane na bati bila hewa chini yake. Acha mlango upigwe jua kidogo kabla ya kubandika, gundi itashika vyema.

Baada ya hapo ziba matundu makubwa ya bati la upande wa abiria. Kwa tundu pana, kata kipande cha aluminiamu nyembamba, kifunge kwa skrubu fupi, ukifunike kwa shuka. Kwa madogo, shuka yenyewe inatosha. Hakikisha mota ya kioo na kitasa bado vinafikika siku zikiharibika. Halafu kuna sehemu ambayo fundi mwenye haraka huisahau: chini kabisa ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Mvua hupita kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, ndivyo gari lilivyoundwa. Ukiviziba hivyo, mlango utajaa maji na kuoza. Na kwa kuwa umeondoa nailoni iliyozuia maji yasifike kwenye paneli, uzibaji wako lazima uwe kamili mpaka kwenye kingo.

Kabla ya kurudisha paneli, funga vipande vya sponji kwenye nyaya na fimbo za kitasa, na bandika vingine pale plastiki inapogusana na bati. Kelele nyingi zinazolaumiwa kwa spika ni fimbo ya kitasa inayogonga. Rudisha kila kitu, ukiwa bado na spika zilezile za kiwandani, kisha cheza wimbo ulioujaribia mwanzo. Besi itakuwa imeongezeka na kukaza, na mlango utafungika kwa mlio mzito. Kuna watu watakaoishia hapa, wakaridhika, na wana haki.

Ukiendelea kwenye spika, nunua za mbele kwanza. Muziki unasikilizwa kutoka mbele, ukiwa umeketi mbele. Zile spika ndefu za inchi 6 kwa 9 zinazobandikwa kwenye ubao nyuma ya kiti cha nyuma zinavutia kwa ukubwa wake, lakini zinakufanya usikie bendi ikipigia kisogoni. Kwa fedha ileile, jozi moja nzuri ya mbele yenye twita zake pembeni itakupa zaidi. Twita huweza kukaa kwenye ile pembetatu ya plastiki karibu na kioo cha pembeni, au kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Zikikaa huko, mwimbaji anapanda kutoka miguuni hadi usawa wa dashibodi.

Dukani soma kitu kinachoitwa sensitiviti, kiasi cha desibeli ambacho spika hutoa kwa wati 1 ukiwa mita 1. Spika ya desibeli 90 inayolishwa wati 20 hulingana na ya desibeli 87 inayolishwa wati 40. Kwa asiyetaka amplifaya, tofauti hiyo ya tarakimu ndogo ina thamani kuliko 1,000W yoyote iliyochapwa kwenye boksi.

Spika za asili za Toyota mara nyingi huja na fremu yake ya plastiki, nyingine zimefungwa kwa ribiti, hivyo spika mpya itahitaji ringi ya kuikalisha. Ringi ya plastiki ngumu ni bora. Ya ubao wa MDF inavimba ikipata maji, kwa hiyo ipakwe rangi au vanishi pande zote. Shusha kioo mpaka mwisho uhakikishe sumaku haigusi, kisha weka sponji nyembamba kati ya ringi na bati, na nyingine kati ya spika na paneli, ili sauti isivuje kuingia kwenye uwazi wa paneli.

Amplifaya ninaipendekeza, ila ndogo: wati 50 za RMS kwa njia nne zinatosha gari dogo. Faida yake si kelele. Ngoma inapopigwa ghafla, amplifaya ina akiba ya kuibeba bila kupasua sauti, na sauti iliyopasuka ndiyo mara nyingi huunguza twita.

Waya wake wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, wa shaba, usiopungua milimita 8 za mraba. Masokoni kuna nyaya nene zenye ganda zuri ambazo ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe wa fedha, rudisha. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichubuka unapopita kwenye ukuta wa injini ukagusa bati, fyuzi iliyo kule kwenye amplifaya haitasaidia kitu, na gari linaweza kuwaka moto. Palepale kwenye ukuta waya upite ndani ya raba. Kwenye hili usikubali njia ya mkato hata kama fundi ni ndugu yako.

Waya wa ardhi uwe mfupi, unene uleule, ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Nyaya za sauti zipite upande mmoja wa gari na za umeme upande mwingine. Zikilala pamoja, au ardhi ikiwa mbovu, utasikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta.

Kitufe cha gain kwenye amplifaya watu hukigeuza kama cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio. Kiweke chini kabisa, pandisha redio hadi robo tatu ya sauti yake, cheza wimbo uliorekodiwa vizuri, kisha kipandishe polepole mpaka usikie sauti ikianza kukwaruza. Rudi nyuma kidogo. Hapo pamefika, usikiguse tena.

Halafu zipe spika kazi zinayoiweza. Spika ya inchi 6 na nusu ikilazimishwa kupiga hezi 40 inahangaika, na sauti ya mwimbaji inachafuka. Weka kichujio cha kuzuia besi ya chini kwenye hezi 80 kama una sabufa, au 60 kama huna. Sabufa nayo ichujwe hapohapo 80, na iwe ya kiasi. Kwa Vitz au IST, ile nyembamba ya inchi 8 ya kuwekwa chini ya kiti, yenye amplifaya ndani yake, hujaza gari zima, kwa kuwa chumba kidogo chenyewe huinua besi. Kwa anayependa dansi na taarabu, boksi lililozibwa hupiga besi fupi na safi. Boksi lenye tundu hutoa besi nyingi zaidi, na ni rahisi ikawa nzito kupita kiasi. Kwenye sabufa kuna swichi ya fezi: jaribu 0 na 180 ukiwa umeketi kwa dereva, acha pale besi inaposikika nyingi na ikitokea mbele.

Redio nyingi za sasa zina kipengele cha kuchelewesha spika moja moja, na wenye magari wachache hukifungua. Dereva wetu hukaa kulia, na spika ya kulia iko karibu naye kwa kama nusu mita kuliko ya kushoto. Sauti husafiri sentimita 34 kwa milisekunde 1, kwa hiyo ya kulia inamfikia kwanza na bendi yote inahamia mlango wa kulia. Pima kwa futi kamba kutoka kichwani kwako hadi kila spika, ingiza tarakimu, au chelewesha ya kulia milisekunde 1.5 kisha rekebisha kwa sikio. Mwimbaji atahamia katikati ya dashibodi. Kwenye ekolaiza, punguza kinachozidi kabla ya kuongeza kinachopungua, na ufanye kwa hatua ndogo.

Kupimia, tumia nyimbo unazozijua kwa moyo. Rekodi ya bendi ya dansi ya Mlimani Park itakuonyesha kama magita yanatengana au yamekuwa uji mmoja. Ya kikundi cha taarabu cha Culture Musical Club itakuonyesha kama fidla zinachoma masikio na kama ganuni inasikika chini ya kwaya. Wimbo wa kisasa wa Bongo Fleva utakupima besi.

Kama kazi imefanywa na fundi, usilipe salio ukiwa umeegesha kivulini. Washa injini, taa, feni na waipa kwa pamoja, shusha sauti karibu na sifuri usikilize kama kuna mlio wa altaneta. Endesha kwenye barabara yenye matuta ukiwa na muziki wa besi, mtu mwingine akibonyeza paneli za milango kutafuta panapogonga. Shusha na pandisha vioo vyote. Mwaga ndoo ya maji kwenye kioo cha kila mlango uliofanyiwa kazi, uone maji yakitoka chini na zulia likibaki kavu. Kisha pima sauti unayosikilizia kwa programu ya desibeli kwenye simu. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4. Dereva wa teksi au daladala anaukamilisha kabla ya saa sita mchana ya Jumatatu.